Ukaidi wa Chukudu

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi, kuna chukudu.

Mmeiona ikishuka kutoka Mushaki kwenda Sake: usukani wa mbao, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi makuukuu. Haina injini, haina pedali. Penye tambarare mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Nani kati yenu amewahi kuisukuma ikiwa na magunia ya viazi? Mwanzo inagoma. Unakaza meno, mishipa ya shingo inakutoka, nayo imetulia tu. Ikishaanza kwenda, kazi inapungua ghafla, na mzigo haujapungua hata kiazi kimoja!

Siri ni kwamba kila kitu hung'ang'ania hali yake. Kilichotulia kitaendelea kutulia. Kinachokwenda kitaendelea kwenda, mwendo ule ule, njia iliyonyooka, mpaka nguvu fulani ikilazimishe kubadilika. Ukaidi huo huitwa inesia. Isaac Newton wa Uingereza aliuandika kuwa sheria yake ya kwanza mwaka 1687. Na kinachopima ukaidi wenyewe ni tungamo: tungamo likiwa kubwa, kitu huwa kigumu kukianzisha na kigumu kukisimamisha.

Sasa njooni mteremkoni. Kwenye gurudumu la nyuma kuna kipande cha tairi; mwendeshaji akikikanyaga, kinasugua gurudumu. Hiyo ndiyo breki, hakuna nyingine. Chukudu tupu husimama upesi. Ipakie kilo 300, kwa mguu ule ule, uone itakavyokwenda mbali kabla ya kutii. Tena mwendo ukiwa mara mbili, hata penye tambarare, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Mara nne, jamani! Kwa hiyo nyinyi mnaocheza barabarani, mkisikia "Pisha!", msidhani mnatishwa bure.

Wala ukubwa usiwadanganye. Huko Walikale, miaka ya 2000, wabebaji walitoka machimbo ya Bisie kwa miguu, wakikata msitu na kasiteriti mgongoni, mawe yanayotoa bati. Mfuko wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini lita moja ya maji ni kilo 1, na jiwe la kasiteriti lenye ukubwa huo hukaribia kilo 7. Mfuko huo ukiujaza makaa, mtoto ataukimbiza. Ukiujaza kasiteriti, mbebaji akikata kona ghafla kwenye matope, miguu inageuka ila mzigo unataka kufuata njia yake ya kwanza, na mara nyingine humwangusha.

Naona mmoja anataka kuniambia kwamba ukaidi huo ni uzito tu. La, mjukuu wangu. Mwezini uzito hubaki sehemu moja ya sita, na gunia la viazi ungeliinua kwa mkono mmoja. Tungamo lake halipungui hata kidogo. Gunia hilo likikujia kwa kasi kule mwezini, litakuangusha sawasawa na hapa Masisi.