Kuisoma Nyumba Kabla ya Vilivyomo

Wakazi wengi wa Nairobi waliingia makumbusho mara ya kwanza na ya mwisho walipokuwa watoto wa shule, wamepangwa wawili wawili, mwalimu mbele na mwalimu nyuma, wakapitishwa mbio mbele ya vitu vilivyowekwa vitazamwe kwa utulivu. Na tangu siku hiyo, ijapokuwa hupita milango ileile kila waendapo kazini, hudhani kwamba yaliyomo ndani wamekwisha kuyamaliza. Dhana hiyo ni ya kusikitikiwa, kwa kuwa mengi ya makumbusho ya jiji hili yamo katika nyumba zilizojengwa kwa haja nyingine kabisa, na nyumba yenyewe, kwa asili yake na kwa mikono iliyoimiliki, ndiyo athari ya kwanza ipasayo kusomwa.

Usomaji huo hauna ladha kwa mtu wa peke yake. Aliye pekee hukubali upesi aambiwayo na kibao cha ukutani. Aliye na sahibu hujikuta akijibu maswali ambayo hakuyawaza. Sahibu niliyefuatana naye siku ya likizo ni mzaliwa wa Kawangware, hodari wa kuuliza, nasi tukachagua siku ya kazi, maana Nyaraka za Taifa, tulikoanzia, kama ofisi nyingine za serikali, hufungwa Jumapili.

Jengo la Nyaraka limesimama Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, na wenyeji wengi hulijua kwa kupeana miadi mlangoni pake tu. Lilijengwa liwe benki, mji ungali mchanga. Idara ya nyaraka iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Humo jengoni, chini, ndimo ilimo hazina ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka 1966. Mtu huyo, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai, alishirikiana na mkewe Sheila kukusanya vinyago, nguo, mapambo, stempu na maelfu ya vitabu vihusuvyo Afrika, kisha akaiuzia serikali sehemu kubwa ya mali hiyo badala ya kuiacha itawanyike ng'ambo. Nyumba yake ya Muthaiga nayo iliingia mikononi mwa serikali, kwa taraja la kuwa chuo cha taaluma za Kiafrika. Taraja halikutimia, na nyumba ikabomolewa.

"Basi ndugu yangu," sahibu akaniuliza, "benki imebaki, na nyumba ya mwenye hazina haikubaki. Ni nani aamuaye kipi kidumu na kipi kipotee?"

Sikuwa na jibu, tukaenda nalo swali lake hadi Nairobi Gallery, pembeni mwa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Hiyo ilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, iliyojengwa mwaka 1913, ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa, na hapo ndipo panapohesabiwa mwanzo wa masafa ya barabara zitokazo mjini. Leo vyumba vyake vimehifadhi sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi.

Kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 jirani na stesheni, swali lilizidi uzito. Limo behewa ambalo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alikesha ndani yake huko Kima mwaka 1900 akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamghilibu, simba akaingia, akamtwaa. Kisa hicho kinajulikana kwa jina la marehemu na kwa nambari ya behewa. Lakini katika Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kuijenga njia ya reli, takriban 2,500 walikufa, na ni wachache mno wenye kutajwa.

Makumbusho ya Taifa, yaliyo juu ya Museum Hill, yalijengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo, yakafunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Gavana Coryndon, na baada ya uhuru yakapewa jina la taifa. Mwenye saa moja tu na aiweke kwa Kijana wa Turkana, mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambayo Kamoya Kimeu aliigundua Nariokotome mwaka 1984 kwa kuona kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti katikati ya changarawe za rangi ileile.

Alasiri tulipanda matatu ya magharibi hadi Karen. Nyumba ya huko ilijengwa mwaka 1912 na Msweden mmoja. Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, na mumewe wakaichukua mwaka 1917, na mwandishi huyo akakaa humo hadi shamba lake la kahawa, lililokuwa mahali pa juu mno kwa zao hilo, lilipofilisika na kuuzwa mwaka 1931. Denmark iliinunua nyumba ikaipa Kenya kuwa tunu ya uhuru, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1986. Katika ardhi hiyo walikuwako Wakikuyu walioruhusiwa kulima kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba siku kadha wa kadha kila mwaka. Shamba lilipouzwa iliwapasa kuondoka, naye Blixen akawaombea serikalini wahamishwe pamoja, wakakatiwa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Sahibu yangu, ambaye Kawangware kwao iko Dagoretti, alisikiliza kimya, kisha akamwomba mtembezaji wetu amwonyeshe vibanda vya watu hao vilikuwa upande gani.

Nadhani hilo ndilo jibu, kwa kadiri lipatikanavyo. Kipi kidumu huamuliwa na wenye fedha na wenye hati. Lakini kipi kisimuliwe ndani ya kilichodumu, hilo huamuliwa pia na wale waingiao na kuuliza. Kwa hiyo mwenye siku moja ya faragha na asitake kuzimaliza nyumba zote. Achague mbili, amchukue rafiki asiyeridhika upesi, na katika kila moja aulize nani alijenga, nani alihama, na nani alikuwa hapo kabla ya jiwe la kwanza.