Kidole kimoja hakivunji chawa

Safari hii tunawaletea sinema ya Bombshell, iliyotoka 2019. Inaeleza mambo yaliyotokea kweli kwenye televisheni ya Fox News, Marekani. Mkubwa wa pale, Roger Ailes, alidaiwa kuwataka kimapenzi wanawake waliokuwa chini yake. Wengi walinyamaza, maana riziki yao ilikuwa mkononi mwake.

Julai 2016 mtangazaji Gretchen Carlson, akiwa ameshaachishwa kazi, akamshtaki. Ailes alikana. Lakini wenzake wakajitokeza, akiwemo Megyn Kelly, na mwezi huohuo bosi akaachia ngazi. Septemba kampuni ikamwomba Carlson msamaha hadharani.

Na sisi huku kambini? Mtu akikwambia kazi utaipata ukimkubali, hiyo ni rushwa ya ngono. Tangu 2003 Umoja wa Mataifa umewakataza wafanyakazi wake kutoa kazi au msaada ili wapewe mwili wa mtu. Kina mama na kina dada, msikae nayo moyoni. Ambianeni, kisha mkaripoti pamoja. Nanyi kina baba, binti akisema, msianze kumuuliza alivaa nini.