Spiriti kabla ya sindano: Tuiache ikauke

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tuliijua harufu ya spiriti kabla hatujajua kusoma. Muuguzi huchovya pamba, hupangusa mkono mara moja, na kabla hujageuza uso sindano imeshaingia.

Spiriti ile huwa imepakwa, lakini haikupewa muda wa kufanya kazi.

Suala la kusafisha ngozi kabla ya matibabu limechunguzwa kwa miaka mingi mjini Birmingham, Uingereza, na watafiti wa hospitali wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Aston.

Mwaka 2005 walichapisha matokeo ya majaribio ya dawa mbalimbali dhidi ya Staphylococcus epidermidis. Bakteria huyu anaishi kwenye ngozi zetu sote bila kutudhuru, lakini akipenya hadi kwenye damu kupitia mpira wa dripu anaweza kumwangusha mgonjwa.

Mchanganyiko wa klorheksidini asilimia 2 na alkoholi asilimia 70 ulionyesha uwezo mzuri. Alkoholi huua haraka kisha hupotea hewani, na klorheksidini hubaki kwenye ngozi ikiendelea na kazi.

Hata hivyo, mwaka 2008 watafiti hao walionyesha kuwa klorheksidini haizami sana ndani ya ngozi, ambako baadhi ya bakteria hujificha kwenye vinyweleo. Mwaka 2010 wakaripoti kuwa mafuta ya mkaratusi, mti tunaoujua vizuri nyumbani, yaliisaidia kuzama zaidi katika majaribio ya maabara.

Kwa nini asilimia 70?

Wapo wanaodhani spiriti iliyochanganywa na maji imechakachuliwa. Si kweli. Maji ndiyo yanayoisaidia alkoholi kuharibu protini za vijidudu. Alkoholi tupu hukauka upesi mno na nguvu yake huwa ndogo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2010 unataka alkoholi ya asilimia 60 hadi 70, ipakwe kwa sekunde 30 kuanzia katikati kwenda nje bila kurudia palipokwisha kupanguswa, kisha iachwe ikauke kabisa. Kupuliza kwa mdomo au kupepea kwa mkono si njia ya kuiharakisha. Na baada ya kusafisha, pale mahali pasiguswe tena kwa kidole.

Mwongozo huo unakataza pia kitu ambacho wengi wetu tumekiona: kopo la pamba zilizolowekwa spiriti tangu asubuhi. Kila mkono unaoingia humo huacha vijidudu, na wapo wasiokufa kwa alkoholi. Pamba ilowanishwe wakati wa kutumika, itumike mara moja, itupwe.

Methanoli isitumike kamwe, kwani ni sumu.

Chanjo bila spiriti

Ndugu zetu wanaoishi Uingereza hushangaa wakichanjwa bila kupakwa chochote. Huo si uzembe. Kwa chanjo, ngozi iliyo safi haihitaji spiriti, na ikiwa chafu sabuni na maji vinatosha. Kutoa damu, kuweka dripu na upasuaji ni mambo mengine.

Kwenye upasuaji kuna hatari zaidi. Alkoholi inashika moto, na vifaa vya umeme vya kukatia au kuzibia mishipa vinaweza kuiwasha ikiwa bado mbichi au imetuama chini ya mgonjwa. Watoto njiti nao wanahitaji uangalifu: mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kuwa klorheksidini inaweza kuunguza ngozi yao.

Aliyewahi kuvimba au kubanwa na pumzi baada ya kupakwa klorheksidini aseme mapema, kabla hajapakwa tena.

Kukauka hakugharimu senti. Hakuhitaji mashine wala dawa mpya, na zahanati ya kijijini inaweza kufanya sawasawa na hospitali kubwa ya Birmingham. Kinachotakiwa ni subira ya muda mfupi.

Nasi wagonjwa tuna sehemu yetu. Tukiona ngozi bado inang'aa kwa majimaji, si utovu wa adabu kusema: "Samahani sista, tungoje ikauke kidogo."