Wikendi ya wawili Mbita: Muvi, omena wa kukaanga na simu zikiwa mbali

IJUMAA jioni Mbita ina kelele zake. Matatu za kutoka Homa Bay zinashusha watu, boda boda wanagombania abiria, na spika za baa zinaanza kupasha moto ohangla. Wewe na mtu wako mnaangaliana. Roho inataka kutoka, mfuko unakataa. Usiku mmoja wa nyama choma na soda mbili tatu (sawa, tusidanganyane, si soda) utawafikisha Jumatatu mkiishi kwa Fuliza.

Basi mnaamua: wikendi hii tunakaa nyumbani, tunatazama muvi, tunapumzika. Uamuzi mzuri. Shida ni kwamba wengi tukishasema hivyo tunadhani kazi imeisha. Jumamosi inafika, mmoja yuko kitandani anapekua TikTok, mwingine yuko nje anafua. Saa moja usiku ndiyo mnaanza kuulizana mtatazama nini, bando imebaki kidogo, na tokeni ya stima inalia. Kufikia saa tatu mmenuniana, na hakuna anayejua vizuri ni kwa nini.

Wacha nikwambie ninavyoona mimi. Kukaa nyumbani kunahitaji mpango kuliko kutoka. Ukitoka, mwenye baa amekupangia kila kitu: muziki, kiti, chakula, hata mtu wa kuosha sahani. Nyumbani kazi hizo zote zipo, na kama hamkuongea, zinamwangukia mtu mmoja. Unajua ni nani.

Hapo ndipo penye uzito. Jamaa atakwambia wikendi yake ilikuwa tamu sana: alilala hadi saa nne, akaletewa chai na mandazi, akatazama muvi mbili, akala ngege na ugali, akalala tena. Muulize mkewe. Yeye alichota maji, akaparua samaki, akasonga ugali, akaosha vyombo, na muvi yenyewe aliiona kwa vipande, kila mara akiuliza, “Huyu naye ni nani tena?” Hiyo si wikendi yenu, ni yako, ndugu yangu. Yeye alikuwa kazini, tena bila mshahara. Na mambo haya hayalipuki siku hiyo hiyo. Yanawekwa akiba, halafu yanatoka miezi sita baadaye katika ugomvi ulioanza kwa kijiko.

Kwa hivyo gawaneni kazi Ijumaa, kabla ya mtu yeyote kulala chali. Anayepika hasuguli sufuria. Nguo zifuliwe asubuhi, wote wawili mkiwa kwenye beseni, au zingoje. Chakula cha Jumamosi kiwe kile kinachojipika chenyewe: chemsha nyoyo asubuhi, mahindi na maharagwe yake, jioni ni kukaanga na kitunguu tu.

Tena hapa kwetu wikendi haifuati kalenda ya ofisini. Kama mtu wako anauza samaki, Jumamosi ni siku ya pesa, huwezi kumwambia akae kwenye kochi. Na kama anavua omena, basi anayepanga wikendi yenu ni mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hushinda giza tu. Usiku usio na mwezi utaona ziwa limewaka huko mbele utadhani ni mji. Mwezi ukiwa mpevu, samaki hawana haja na taa, mitumbwi inapumzika, na wavuvi wengi wanalala nyumbani. Wanandoa wa ufuoni wanalijua hili vizuri. Wikendi yao inaweza kuwa Jumanne na Jumatano. Kama ndivyo ilivyo kwenu, ichukueni hiyo Jumanne kwa heshima yote, zima simu za wenye maneno, na usione haya jirani akishangaa mbona mmejifungia mchana.

Sasa tuje kwa muvi. Kutazama moja kwa moja mtandaoni ni njia ya haraka ya kumaliza bando. Netflix wenyewe husema picha ya kiwango cha kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, na ile ya HD inaweza kufika GB 3. Muvi ya saa mbili katika HD inaweza kula GB 6, na hapo hujatazama hata video moja ya mpishi wa Nigeria. Pakua mapema, mahali penye Wi-Fi kama unapo, na uchague kiwango cha chini. Kwenye skrini ya simu hutaona tofauti kubwa. Kama sauti ni ndogo, weka simu ndani ya sufuria tupu. Usicheke, jaribu.

Zima taa pia, na sababu si mahaba pekee. Wadudu wa ziwani wanapenda mwanga kama watu wa mji wanavyopenda umbea, na mbu wako nyuma yao. Ingieni ndani ya chandarua na simu yenu, mtazame mkiwa humo. Ni sinema ndogo kuliko zote Kenya na haina tikiti.

Na mbu wa hapa si mzaha. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye kampasi hapa Mbita iliyopewa jina la Profesa Thomas Odhiambo, kilishirikiana na wenzake wa Uholanzi na Uswisi kuweka mitego ya mbu katika nyumba za kisiwa cha Rusinga. Mitego ilitumia umeme wa jua na harufu ya kuvutia mbu. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba malaria katika nyumba zilizowekewa mitego ilikuwa chini kwa takriban asilimia 30 ukilinganisha na zile zilizokuwa bado zinangoja. Lakini kilichowafurahisha watu wengi ni kitu kingine: sola hizo hizo ziliwasha balbu na kuchaji simu. Mtego wa mbu ukaleta mwanga wa kusomea na chaji ya kutazamia muvi.

Mtatazama nini? Kila mtu na roho yake, ila mimi ningeanza na za kwetu. Nairobi Half Life ya 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ina Mwas, kijana wa kijijini anayeuza kanda za filamu huku akiigiza vipande vyake ili kuwavuta wateja. Anaenda Nairobi kutafuta uigizaji, na Nairobi inampokea inavyowapokea wengi. Kama mmoja wenu amewahi kushuka mjini na begi moja, mtaongea hadi usiku wa manane.

Supa Modo ya 2018, ya Likarion Wainaina, ni ya dakika 74 tu, kwa hivyo hata chaji ya simu mbovu itatosha. Inamhusu Jo, msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoamua kumtengenezea filamu yake. Weka leso karibu. Mwanaume anayesema hakulia alikuwa amelala.

Kama mnataka kitu cha kuwainua Jumapili, kuna Queen of Katwe ya 2016, ambapo Lupita Nyong'o anaigiza mama wa Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyetoka mtaa wa mabanda akawa bingwa wa sataranji. Lupita alishinda Oscar mwaka wa 2014 kwa filamu nyingine, lakini kwangu hapa ndipo anapofanana na mama unayemjua, yule asiyekubali umasikini umwambie anene vipi na watoto wake.

Na kama mmechoka kufikiri, tafuteni muvi ya ngumi iliyotafsiriwa na DJ Afro. Sisi tuliokua tukilipa senti chache kuingia vibanda vya video tunajua kwamba muvi ya Kichina bila DJ Afro ni nusu muvi. Adui anapewa jina la mtaani, shujaa anaongea Sheng, na mnacheka pale ambapo mwongozaji alitaka muogope.

Cha kutafuna kisiwasumbue. Bisi ni sawa, mradi ununue mahindi yake maalum, si ya ugali. Ila tuko Mbita jamani. Chukua omena wakavu, toa vichwa, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu, wachuje wakauke kabisa, halafu wakaange kwenye mafuta moto hadi walie krau krau. Chumvi, pilipili kidogo, ndimu juu. Wanaliwa kama njugu, mmoja mmoja, na bei yake haitamkasirisha mtu.

Kuhusu simu ya pili, ile isiyoonyesha muvi, iwekeni kwenye droo au kwa jirani mnayemwamini. Najua kuna Arsenal, najua kuna mkeka uliobakisha mechi moja. Kama mpira ni lazima, sema mapema: “Saa fulani hadi saa fulani niko na mpira.” Mtu huumia zaidi akishtukizwa. Kinachoudhi ni kumkumbatia mtu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiangalia matokeo.

Jumapili jua likishapoa, tokeni kidogo. Daraja la kwenda Rusinga halitozi ada. Zamani palikuwa na tuta lililoziba maji yasipite kati ya kisiwa na nchi kavu, siku hizi maji yanapita chini na upepo unapita juu. Mkiwa na nauli ya boda, ingieni kisiwani hadi kwenye kaburi la Tom Mboya, jengo lenye umbo la risasi. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38, umri ambao marafiki zako wengine bado wanasema wanajipanga. Hapo mtapata cha kuongea ambacho si kodi ya nyumba wala mama mkwe.

Mkirudi, kula kiporo cha nyoyo, kisha chagueni muvi ya wiki ijayo na muiache ikipakuliwa usiku. Kama wewe ndiye uliyechagua wiki hii, nyamaza umwachie mwenzako, hata akichagua ile ya Kikorea yenye vipindi 16.