Meza ya Bwana ni Agano

Somo: Matendo ya Mitume 2:41-47



Wako watu wasemao hivi: "Mimi nimeokoka. Biblia ninayo, na mahubiri nayapata redioni. Kanisa ni la nini tena? Ule mkate na kile kikombe vitaniongezea nini?" Swali hili tusilidharau. Ni kweli kwamba twaokolewa kwa neema, kwa kumwamini Kristo. Yule mnyang'anyi msalabani hakubatizwa wala hakuketi Mezani, naye aliahidiwa Peponi. Lakini yeye hakupata nafasi. Wewe na mimi tunayo.

Watazame wale watu wapatao 3,000 walioamini siku ya Pentekoste. Walibatizwa, kisha wakashikamana na mafundisho ya mitume, na ushirika, na kuumega mkate, na sala. Hatusomi juu ya mmoja wao aliyerudi nyumbani akaamini peke yake.

Neno "sakramenti" latoka katika Kilatini, sacramentum. Kwa Warumi lilikuwa ni kiapo cha askari aingiapo jeshini. Karibu na mwaka 112 B.K., liwali wa Bithinia, jina lake Plinio, alimwandikia Kaisari Trajano habari za Wakristo. Alisema kwamba walikutana siku maalum kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, na kujifunga kwa kiapo wasiibe, wasizini, wala wasivunje ahadi. Neno alilolitumia kwa kiapo hicho ni hilo hilo.

Sisi wa Kenya twaijua maana yake. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wako Wakristo katika nchi ya Wakikuyu waliokataa kula kiapo cha msituni. Wengi wa ndugu wa Uamsho walikataa pia kubeba bunduki upande wa serikali ya wakoloni. Sababu yao ilikuwa moja: wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, basi hawawezi kunywa damu nyingine ya agano. Baadhi yao waliuawa kwa ajili ya neno hilo. Kwao Meza ya Bwana haikuwa desturi ya Jumapili. Ilikuwa ni agano.

Tena katika agano hili Mungu ndiye ajifungaye kwanza. Kanuni ya 25 katika zile 39 za Kanisa letu yafundisha kwamba sakramenti si alama tu ya kututambulisha kuwa Wakristo. Ni ishara za hakika za neema, ambazo kwazo Mungu hufanya kazi ndani yetu. Zile alizoziagiza Kristo katika Injili ni mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Ubatizo ni mara moja, Meza ni mara kwa mara. Kwa maana mtoto huzaliwa mara moja, lakini hula kila siku. Wala tusizifanye kuwa hirizi. Mkono utakaopokea neema hiyo ni imani.

Sasa, ndugu yangu, sauti yangu yaweza kufika jikoni kwako, lakini redio haiwezi kukumegea mkate. Haiwezi kukuuliza mbona Jumapili iliyopita hukuonekana. Haiwezi kukupigisha magoti kando ya jirani uliyekosana naye. Paulo awafundisha Wakorintho kwamba tulio wengi tu mwili mmoja, kwa kuwa twashiriki mkate mmoja. Mkate huo hauliwi na mtu aliyejitenga.

Wako wengine wajao kanisani kila juma, lakini saa ya Ushirika ikifika hutoka nje. Mmoja hajafunga ndoa kanisani. Mwingine hajapata Kipaimara. Mwingine ana ugomvi wa shamba na nduguye. Mwaka wapita, miaka kumi yapita. Mpendwa, usizoee kukaa na njaa mlangoni pa nyumba ya Baba yako! Mwendee kasisi wako juma hili, umweleze jambo lako. Paulo alitaka kila mtu ajipime ndipo ale. Hakusema ajipime kisha aende zake.

Nanyi wagonjwa na wazee msioweza kutembea, tumeni habari. Kitabu cha Sala kina ibada ya Ushirika kwa wagonjwa. Meza itawajia nyumbani, pamoja na ndugu wachache wa kusali nanyi.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyejitoa kwa ajili yetu, utushike katika agano lako. Uwarudishe waliokaa mbali, uwapatanishe waliokosana, utulishe sote kwa imani mpaka utakapokuja. Amina.