Samaki mwenye umri wa babu: msimu wa samoni na stajoni katika Mto Columbia

Watoto wamebandika pua kwenye kioo. Upande wa pili maji ya kijani yenye mapovu yanapita kwa kasi, na kila baada ya muda mfupi kivuli kirefu kinajitokeza, kinapigana na mkondo, kinarudishwa nyuma kidogo, kisha kinapotelea juu. "Huyo!" anapiga kelele mmoja. Kabla hajamaliza kunyoosha kidole, wengine wawili wamepita.

Ndivyo Septemba inavyokuwa kwenye bwawa la Bonneville, kama kilomita 64 mashariki mwa jiji la Portland, pale Mto Columbia unapotenganisha majimbo ya Oregon na Washington nchini Marekani. Kioo hicho kiko ubavuni mwa ngazi ya samaki, yaani mfereji wa saruji wenye vidaraja vingi, uliojengwa ili samaki wapande hatua kwa hatua na kuuvuka ukuta wa bwawa. Kwenye dirisha jingine kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu samaki wanaopita, kila aina kwa hesabu yake. Hesabu hiyo ilianza mwaka 1938, na mwaka 2013 ilifika kwenye rekodi: samoni aina ya Chinook wa msimu huu walikuwa zaidi ya 950,000.

Kuingia ni bure. Kwa familia nyingi zilizohamia Portland, zikiwamo zinazozungumza Kiswahili nyumbani, hapa ndipo mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kununua hata ndoana moja.

Mzazi aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, akiona wazee wakitoka usiku na karabai kufuata dagaa, anaweza kudhani uvuvi hauna jipya la kumfundisha. Mto huu una mambo yake. Samaki anayetafutwa hapa hakai mtoni. Yuko safarini kurudi alikozaliwa.

Samoni huanza maisha kama yai lililofukiwa kwenye changarawe, kwenye kijito cha maji baridi. Akishakua kidogo hushuka na mkondo hadi Bahari ya Pasifiki na kukaa huko miaka kadhaa akinenepa. Kisha siku moja hugeuka. Hurudi kwenye mto uleule, na akikaribia hufuata harufu ya kijito chake mwenyewe. Tangu anapoingia maji baridi hali tena chakula; anatumia mafuta aliyoyabeba kutoka baharini. Akifika hutaga mayai yake, halafu hufa. Mzoga wake huoza na kurutubisha kijito kilekile ambamo vifaranga wake watakulia.

Mtoto wa miaka saba atauliza swali ambalo wazazi wengi hawajajiandaa nalo: kwa hiyo mama yao hawamwoni kamwe? Jibu ni hapana, hawamwoni. Afadhali kusema ukweli. Watoto hulipokea jambo hilo vizuri kuliko tunavyodhani.

Wengi wa Chinook hupita Bonneville mwezi Septemba, majani yanapoanza kugeuka rangi, na samoni wadogo wanaoitwa Coho huendelea hadi Oktoba na zaidi. Wakati huo boti hujipanga mtoni bega kwa bega, nanga zimeshuka, msitari mmoja ukikatiza mkondo. Nyuma ya kila boti chambo cha bati kinachometameta kinazunguka majini. Samoni hana njaa, lakini hukivamia, labda kwa hasira, labda kwa mazoea ya baharini. Akinasa, boti huiachia kamba ya nanga ikiwa na boya lake na kuteleza nyuma na samaki, ili mishipi ya majirani isisokotane. Akishapakiwa, boti hurudi kwenye nafasi yake. Hakuna anayeiba nafasi hiyo.

Kati ya samaki mmoja na mwingine kuna saa nyingi za kukaa tu. Hilo ni la kumwambia mtoto mapema, na kubeba chai ya moto, chapati za kutosha na nguo za kubadilisha. Mtoto mwenye njaa na soksi zilizolowa hafundishiki chochote.

Kabla ya kumweka samoni kwenye ndoo, mvuvi humtazama mgongoni, karibu na mkia. Hapo huwa na kipezi kidogo chenye nyama. Vifaranga wengi waliototolewa kwenye vituo hukatwa kipezi hicho kabla ya kuachiwa mtoni. Wale wa asili wanacho. Mara nyingi sheria humruhusu mvuvi kubaki na aliyekatwa tu, na kumrudisha mwenye kipezi. Ni kazi nzuri ya kumpa mtoto: yeye ndiye mkaguzi.

Sheria zenyewe hubadilika, wakati mwingine katikati ya msimu, kutegemea hesabu ya pale dirishani. Eneo lililofunguliwa Jumatatu linaweza kufungwa Ijumaa. Leseni na kibali cha kuwekea kumbukumbu za samaki si vya kukisia, na kutojua Kiingereza vizuri hakumwokoi mtu na faini. Anayeuliza dukani wanakouza chambo huelezwa kwa utaratibu, na mara nyingi huelezwa pia samaki walipo.

Halafu kuna stajoni, na hapa ndipo watoto hunyamaza.

Stajoni mweupe ndiye samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi katika Amerika ya Kaskazini. Hana magamba, ana ngao za mfupa zilizopangwa mgongoni na ubavuni. Chini ya pua zinaning'inia sharubu nne, na aliyezoea kambale atadhani amekutana na jamaa yake, ingawa hawana undugu wa karibu. Hutembea chini kabisa ya mto akipapasa tope kwa sharubu hizo, na mdomo wake hutokeza kama bomba na kufyonza chakula. Jamii yake imekuwapo tangu zama za dinosaria. Mmoja anaweza kuishi zaidi ya miaka 100.

Umri huo mrefu ndio udhaifu wake. Jike huweza kufikisha miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo hatagi kila mwaka. Mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara waligundua kwamba nyama yake na mayai yake, yale yanayouzwa ghali kwa jina la kaviari, yana soko. Mwaka 1892 walivuliwa kiasi cha tani 2,500 katika mto huu. Kabla ya muongo kwisha, uvuvi huo ulikuwa umeporomoka. Baadaye yakaja mabwawa. Samoni hupanda ngazi; stajoni kwa kawaida hapandi, kwa hiyo wengi wamefungiwa kati ya ukuta mmoja na mwingine.

Ndiyo maana siku nyingi za msimu stajoni huvuliwa ili arudishwe. Ndoana ni moja, tena isiyo na kijino cha kuzuia, ili itoke bila kurarua mdomo. Aliyezidi inchi 54, kama sentimita 137 kutoka puani hadi kwenye panda ya mkia, haruhusiwi kutolewa majini. Picha hupigwa akiwa bado mtoni, mvuvi ameinama ubavuni mwa boti. Mtoto anaweza kugusa ngao za mgongo wake kwa mkono uliolowa. Kisha samaki hushikwa ameelekezwa kwenye mkondo hadi apige mkia na kuondoka mwenyewe.

Kwa anayetoka mahali ambapo samaki ni chakula cha jioni, jambo hili linaudhi. Kuhangaika saa nzima na samaki mzito kuliko baba, halafu kumwachia? Lakini jike yule huenda alizaliwa kabla ya bibi, na huenda amebeba mayai ambayo hayatapatikana tena kwa miaka mitatu au minne.

Kwenye chakula pia kuna tahadhari inayomhusu mzazi. Mamlaka za afya za majimbo hayo mawili zimetoa ushauri wa kupunguza ulaji wa samaki wanaoishi mtoni muda wote kati ya bwawa la Bonneville na lile la McNary, stajoni akiwamo, kwa sababu ya zebaki na kemikali za viwandani zilizojikusanya miilini mwao. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Samoni hayumo katika ushauri huo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha baharini.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni maji yenyewe. Mwanzoni mwa Septemba mto bado una uvuguvugu wa kiangazi. Kufikia Novemba hali ni nyingine kabisa. Anayetumbukia kwenye maji baridi huvuta pumzi kwa ghafla bila kutaka, na kichwa kikiwa chini, anachovuta ni maji. Akivuka dakika ile ya kwanza, ana kama dakika kumi kabla mikono na miguu haijaacha kumtii. Kujua kuogelea hakubadilishi hesabu hiyo sana. Jaketi la kuokoa maisha linabadilisha.

Sheria ya Oregon inataka mtoto wa miaka 12 na chini alivae muda wote boti inapotembea. Lisiwe la baba lililokazwa kamba. Liwe la kimo na uzito wake, na lisiwe lile la kujazwa upepo, kwa kuwa hayo hayakutengenezwa kwa watoto. Boti ikitia nanga, mtoto abaki nalo. Na nanga hufungwa mbele ya boti tu. Ikifungwa nyuma, mkondo huisukuma boti hadi maji yaingie kwa nyuma, na inazama kabla mtu hajapata kisu cha kukata kamba.

Mto huu una wenyewe waliokuwapo kabla ya nanga na leseni. Mwaka 1855 Wayakama, Waumatilla, Wanez Perce na watu wa Warm Springs walitia saini mikataba iliyowachukulia ardhi kubwa lakini ikawaachia haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Pakubwa kuliko pote palikuwa maporomoko ya Celilo. Wanaume walisimama kwenye majukwaa ya mbao juu ya maji yanayounguruma na kuwachota samoni kwa nyavu zenye mpini mrefu. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na kwa saa chache tu maporomoko yakafunikwa. Majukwaa ya mbao bado yanaonekana kando ya mto hadi leo, na familia hizo huuza samoni kandokando ya maji. Ukimnunua hapo, umempata samaki aliyevuliwa karibuni, na mtoto amezungumza na aliyemvua.

Hatua chache kutoka bwawa la Bonneville kuna kituo cha kutotoleshea vifaranga, na ndani ya kidimbwi chake anaishi stajoni anayeitwa Herman. Ana urefu wa zaidi ya mita tatu na anakadiriwa kupita miaka 80. Septemba 2017 kijana wa miaka 15 alirusha fataki kwenye korongo la karibu, moto ukawaka na kula msitu kwa wiki nyingi. Wafanyakazi walilazimika kuachia mamia ya maelfu ya vifaranga vya samoni mtoni kabla ya wakati wake. Herman hakuweza kuhamishwa. Alibaki kidimbwini, moto ukapita pembeni.

Bado yupo, akizunguka polepole mbele ya kioo, na watoto huinama kumtazama anapopita. Wengi humpungia mkono.