Ni dawa gani iliponya?

Jirani akikuambia, «Nilikunywa dawa hii nikapona», umuulize: wangapi waliikunywa na wakafa? Na wangapi wangepona hata bila hiyo?

Hapo ndipo hesabu inadanganya watu. Wakati wa Ebola, mwaka 2018, wagonjwa wa Beni walianza kupewa dawa mpya. Lakini aliyefika mapema alikuwa na nafasi kubwa ya kupona kuliko aliyeletwa siku ya tano. Basi akipona, ni sababu ya dawa ao ya kuwahi?

Mwezi wa Novemba 2018 Profesa Muyembe na wenzake walianza kupima dawa 4, Beni, kisha Mangina, Katwa na Butembo. Munganga hakuchagua nani apewe gani, ni kura. Hivi waliowahi na waliochelewa waligawanyika bila upendeleo. Agosti 2019 jibu likatoka. Kwa kila wagonjwa 100, walikufa karibu hivi: ZMapp 50, remdesivir 53, mAb114 35, REGN-EB3 34. Zile mbili za kwanza zikaachwa.

Kijana, usihesabu waliopona tu. Uhesabu na makaburi. Na homa ikianza, usingoje: kimbia hospitali.